Kabla Hujanunua Nozeli Kubwa: Mfumo wa Mafuta wa Gari la Turbo Dar

Injini ya turbo ikinyimwa mafuta haizimi, na ubaya wake ndio huo. Gari la kawaida pampu ikichoka litamisi, litashindwa mlima, dereva atanung'unika na kulipeleka gereji. La turbo litatulia kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa) na kuvuka foleni ya Mandela bila kasoro. Upungufu unajitokeza pale tu mguu ukiwa chini na turbo imejaza, sekunde nne au tano, kisha unapotea. Ndani ya sekunde hizo hewa ni nyingi na mafuta ni machache, joto la silinda linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na nyumba za ringi kwenye pistoni zinaanza kupasuka. Mwenye gari anachokumbuka ni kwamba siku ile lilivuta vizuri kuliko kawaida. Kweli lilivuta: mchanganyiko ukipungua mafuta kidogo nguvu huongezeka, mpaka pistoni inapokataa.

Magari yenyewe tunayajua. Forester na Impreza zenye injini ya EJ20, Mark II, Chaser na Verossa zenye 1JZ-GTE, Caldina GT-T yenye 3S-GTE. Yalitoka kiwandani yakiwa yamepangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ile ya okteni (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati) karibu 100, na mengi yameshapita miaka 20. Kwa hiyo anayetaka kuongeza presha ya turbo anaanza na pampu ya uzeeni, filta ambayo haijulikani ilibadilishwa lini, na waya zilizokwishaonja chumvi ya bahari. Kazi ya kwanza ni kujua kilichopo kinafanya nini. Kununua kunakuja baadaye.

Kifaa cha kwanza ni geji ya presha ya mafuta, ya kuanzia 0 hadi bar 7 au 10, inayoingia kwa tii (kiungio cha umbo la T) kati ya filta na reli, bomba linalogawa petroli kwa nozeli zinazoipuliza kwenye injini. Washa injini, chomoa kipaipu cha vakyumu kwenye regyuleta, kidhibiti cha presha ya mafuta, na ukizibe: injini nyingi za aina hii zitasoma karibu bar 3. Rudisha kipaipu, presha ishuke hadi karibu 2.4, kwa kuwa vakyumu ya manifoldi inasaidia kuvuta mafuta. Turbo ikijaza bar 1, geji isome bar 4. Hapo ndipo wengi wanapokosea: hiyo 4 haimaanishi mafuta yameongezwa. Hewa ya turbo inasukuma ncha ya nozeli kwa bar 1 kutoka upande wa pili, hivyo regyuleta inaongeza bar 1 ili tofauti ibaki 3 ileile. Ikishindwa kuongeza, nozeli inamwaga pungufu wakati uleule injini inapohitaji zaidi.

Geji inasema mengi ukiisikiliza. Presha isiposhuka kwenye sailensi, kipaipu cha vakyumu kimepasuka au kimeunganishwa pasipo pake; kikinuka petroli ndani, ngozi ya regyuleta imechanika. Ukizima injini na presha ikaanguka hadi sifuri kwa dakika moja, vali ya pampu haishiki au kuna nozeli inayovuja. Na ikipanda vizuri hadi 3.5 halafu ikaganda hapo huku turbo inaendelea kujaza, hiyo ndiyo habari mbaya, na chanzo chake ni kimoja kati ya vinne: pampu, filta, hozi au umeme.

Kipimo hicho cha mwisho lazima gari liwe linavuta. Kukanyaga likiwa limesimama hakujazi turbo. Geji ifungwe nje, kwenye mkono wa waipa, isomeke kupitia kioo, na mwenzako aichukue video kwa simu. Usipitishe hozi yenye petroli ya bar 4 ndani ya kabini hata kwa dakika mbili. Na kazi hiyo si ya Morogoro Road. Tafuta eneo lililofungwa, gia ya pili au ya tatu, kutoka mzunguko wa 3,000 hadi 6,000, inatosha.

Sasa umeme, ambao tutaukalia kwa muda maana ndiko tatizo linakojificha mara nyingi zaidi, na fundi wa injini halitafuti huko.

Pampu ya mafuta ni mota. Kiasi inachosukuma kinategemea volti inazopata, na namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa zaidi kwa volti 13.5. Alteneta inatoa 14, lakini waya mwembamba wa kiwandani umepita kwenye rilei (swichi ya umeme) kuukuu, soketi tatu na bodi iliyoshika kutu, na kule nyuma zinafika 11.5. Kwa pengo hilo pampu inaweza kupoteza moja ya tano ya kazi yake, na hakuna taa itakayowaka. Pima hivi: waya mmoja wa mita ya umeme kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye chanya ya pampu kwenye soketi yake, injini ikiwa inanguruma na pampu iko kwenye kasi yake kamili. Mita itaonyesha volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 hakuna shida. Rudia upande wa hasi, kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri. Magari yaliyokaa Kigamboni au Masaki mara nyingi hupoteza zaidi kwenye hasi, kwa sababu boliti ya kwenye bodi imeliwa.

Kufunga waya mpya si kazi ya gharama. Chukua chanya moja kwa moja kwenye betri, weka fyuzi ya ampea 20 ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri, pitisha waya wa shaba wa milimita 4 za mraba hadi nyuma, rilei ya ampea 30 karibu na pampu, na hasi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Pampu ya lita 255 kwa saa hula ampea 8 hadi 10 presha ikipanda. Ya lita 450 hupita 15, na hiyo itake waya wa milimita 6 na fyuzi ya 25 au 30. Kwanza kwangua waya kwa kisu dukani. Ukikuta weupe ndani ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, iache hapohapo.

Mtego uko kwenye waya unaoamrisha rilei. Subaru nyingi za turbo zina moduli inayoiendesha pampu kwa hatua, kwa kukata na kuunganisha umeme haraka sana: theluthi, theluthi mbili, kisha kamili. Toyota za 1JZ nazo zina kifaa cha kupunguza volti za pampu kwenye sailensi. Ukitumia waya wa kutoka kwenye moduli ya Subaru kuamrisha rilei mpya, rilei italia kama nyuki na kuungua ndani ya wiki. Chukua amri kabla ya moduli, kwenye rilei ya pampu inayotawaliwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Usichukue kwenye swichi ya funguo. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ni rahisi, lakini gari likigongwa na injini ikazima huku funguo iko wazi, pampu itaendelea kumwaga petroli kupitia paipu iliyokatika.

Ukishamaliza hapo, pima presha upya. Magari kadhaa yanayokuja kutafuta pampu kubwa huondoka na pampu ileile yakiwa na waya mpya na filta mpya.

Kama bado pampu inahitajika, kokotoa kwanza. Injini ya turbo ya petroli inatumia kwa wastani cc 6.3 za mafuta kwa dakika kwa kila nguvu ya farasi mmoja kwenye kranki. Farasi 300 ni cc 1,890 kwa dakika, sawa na lita 113 kwa saa. Ongeza robo kwa usalama, ni lita 142. Hizo lita 142 lazima zipatikane kwenye presha ya bar 4 na zaidi, siyo kwenye hewa wazi, kwa kuwa kila presha inapopanda pampu inasukuma kidogo. Pampu ya lita 255 inabeba kazi hiyo na bakaa. Ya lita 450 kwa gari la farasi 300 linalokwenda kazini Posta na kurudi Tegeta ni kujitafutia shida: mafuta yasiyotumika yanazunguka reli na kurudi tangini muda wote, yanapashwa moto na injini, na regyuleta ndogo ya kiwandani inashindwa kuyapitisha. Dalili yake ni presha ya sailensi kugoma kushuka, inabaki 3.2 mahali pa 2.4, na gari kunuka mafuta mabichi kwenye egzosi.

Pampu bandia zipo, na zimetengenezwa kwa ufundi. Kwenye maduka ya Gerezani utaonyeshwa boksi la chapa ya Walbro lenye stika zote, na pampu yenyewe ni nyepesi, maandishi yake yamechapwa kwa wino badala ya kuchorwa kwenye chuma. Usibishane na muuzaji, pima. Pampu ikishafungwa, chomoa paipu ya kurudisha mafuta, ielekeze kwenye dumu lenye vipimo, iendeshe pampu sekunde 30 injini ikiwa imezimwa, huku betri imejaa. Pampu ya 255 iliyo halali inatoa kati ya lita 1.7 na 2 kwa presha ya bar 3. Chini ya lita 1.5, ama pampu ni ya uongo ama umeme bado hujaumaliza.

Ndani ya tangi kuna mambo matatu yasiyosamehe. Hozi inayounganisha pampu na mkono wake lazima iwe ya kuzama, yenye chapa 30R10. Hozi ya kawaida ya sindano ya petroli imekingwa ndani tu. Ikilowa nje inavimba, inalainika na kuchomoka, na gari linakufa katikati ya daraja la Tanzanite. Klipu ziwe zile za mviringo laini, si zenye meno yanayokata mpira. Na chujio la mguuni, lile soksi, lilale chini kabisa ya tangi bila kukunjwa.

La nne ni la Subaru. Tangi lake limepanda juu ya propela shafti kama tandiko la punda, lina pande mbili, na mafuta ya kurudi ndiyo yanayonyonya upande wa pili kuleta upande wa pampu. Kipaipu hicho kidogo kikisahaulika wakati wa kufunga, geji ya dashibodi itaonyesha robo tangi na gari litazima kwa kukosa mafuta. Kabla ya kufunika mfuniko, chini ya kiti cha nyuma au sakafu ya buti, hesabu paipu zako.

Na hapa iingie tabia yetu ya mjini: mafuta ya elfu kumi, kesho ya elfu kumi. Pampu ya ndani ya tangi inapozwa na petroli iliyoizunguka. Tangi likiwa karibu tupu, jua la Februari na foleni ya Ubungo, pampu inajipika. Ukikata kona kwa nguvu inavuta hewa. Gari la turbo lililoongezwa presha lisishuke chini ya robo. Kwa bei zinazotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunaelewa kwa nini watu wanaweka kidogokidogo, lakini robo tangi iliyokaa humo siku zote umeilipia mara moja tu.

Kuhusu usalama wa kazi yenyewe: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iache ijizimie, piga stata mara mbili, ndipo ukate hasi ya betri na kufungua paipu. Weka kizima moto cha unga pembeni. Gereji nyingi ziko chini ya mti na mama ntilie yuko hatua kumi na jiko lake la mkaa; mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa chini kumfuata. Siku ya kufungua tangi, sogeza gari au subiri amalize kupika.

Nozeli zinafuata hesabu ileile. Farasi mara 6.3, gawanya kwa idadi ya silinda, gawanya tena kwa 0.8, kwa sababu nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Farasi 300 kwa silinda nne ni cc 590. Farasi 350 kwenye 1JZ, silinda sita, ni cc 459. Nozeli za kiwandani za 1JZ-GTE ni cc 380. Ukigeuza hesabu zinaishia farasi 289, na injini hiyo kwa makaratasi ni ya farasi 280. Kiwanda hakikuacha nafasi ya kuchezea. Ukitaka kuhakiki gari lililopo, soma muda wa nozeli kwa kompyuta: kwenye mzunguko wa 7,000 mzunguko mzima wa kazi ni milisekunde 17.1, hivyo nozeli ikikaa wazi milisekunde 14 umefika asilimia 82.

Kabla ya kulipa, pima ukinzani wa nozeli kwa mita. Zenye omu 11 hadi 16 zinaendeshwa na kontroli boksi nyingi bila msaada. Zenye omu 2 au 3 zinahitaji rezista zake, la sivyo zinachoma transista za kontroli boksi. Angalia pia zinaingiza mafuta juu au ubavuni. EJ20 nyingi za zamani ni za ubavuni na reli yake haipokei za juu. Oringi ziwe mpya, zipakwe oili safi ya injini kabla ya kuingizwa, na nozeli ikae bila kusukumwa kwa nyundo. Oringi iliyojikunja haivuji siku hiyo. Inavuja injini ikishapata moto.

Kisha kontroli boksi. Kutoa nozeli za cc 440 na kuweka za 565 bila kuipanga upya ni kuongeza mafuta kwa asilimia 28 kila mahali, kuanzia kuwasha asubuhi. Gari litatoa moshi mweusi, plagi zitalowa, na petroli itaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye sampo. Vuta dipstiki uinuse. Oili iliyochanganyika na petroli haibebi beringi za koni rodi, na EJ20 haihitaji kusaidiwa kunoki. Mpangaji apewe namba mbili za kila nozeli: cc kwa presha ya bar 3, na muda wa kuchelewa kufunguka kwa volti tofauti, ambao kwa volti 14 ni karibu milisekunde moja na hurefuka volti zikishuka. Nozeli zisizo na karatasi hiyo, hata ziwe bei ya kutupa, zitampotezea siku nzima kwenye sailensi inayopanda na kushuka.

Vitu viwili vya kuacha dukani. Regyuleta ya kukaza kwa skrubu, inayouzwa kama njia ya kuongeza mafuta bila kupanga kontroli boksi: kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni itayapunguza mafuta mpaka yarudi palepale, na turbo ikijaza, pampu itakuwa inasukuma dhidi ya presha kubwa zaidi, yaani itatoa kidogo. Kutoka bar 3 hadi 4 nozeli ya 440 inapata 508 tu, na pampu inalipa gharama yote. Cha pili ni kile kiboksi cha kudanganya sensa ili gari lisikate mafuta turbo ikizidi. Kukata kule ndiko kulikokuwa kunalinda injini.

Na ushauri wa mtandaoni kutoka Marekani au Australia wa nozeli za cc 1,000 na zaidi, mara nyingi unawahusu wanaotumia ethanoli ya E85, ambayo inahitaji takribani theluthi zaidi ya ujazo. Vituo vya Dar haviuzi E85. Hapa petroli ya kituoni haifikii okteni 100, na ikichanganywa mafuta ya taa inashuka zaidi. Kwa hiyo taimingi, wakati wa plagi kutoa cheche, ipangwe kwa petroli ya kituo cha kawaida na kwa jotoridi la mchana, si la saa kumi na mbili asubuhi, na pabaki akiba ya digrii mbili tatu.

Wakati wa kupanga, sensa pana ya oksijeni, kama Bosch LSU 4.9, ifungwe baada ya turbo, angalau sentimita 45 mbele yake, ikiwa imeinama juu ya mlalo ili maji ya egzosi yasiizime. Anza na turbo kwenye bar 0.5. Chini ya presha tafuta lamda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta) kati ya 0.76 na 0.80, ambayo kwa petroli ni uwiano wa takribani 11.2 hadi 11.8. Rekodi lamda, presha ya mafuta na presha ya turbo kwa pamoja. Mstari wa presha ya mafuta ukiacha kuufuata mstari wa turbo, hata kwa bar 0.2, mpangaji aache kukanyaga. Kuongeza namba kwenye kompyuta hakutaleta mafuta yasiyofika kwenye reli. Kipaipu cha regyuleta kitoke manifoldi peke yake, kisigawiwe kwa geji ya turbo wala vali ya kupumulia, na kifungwe klipu pande zote mbili. Kikichomoka turbo ikiwa imejaza, presha inabaki 3, na tumeshasema pistoni zinaishia wapi.

Baada ya kilomita 500 fungua boneti injini ikiwa ya baridi, kaza klipu zote, pitisha kitambaa cheupe chini ya kila nozeli, na badilisha filta ya mafuta hata kama inaonekana nzima. Pampu mpya yenye nguvu huwa inang'oa uchafu wa miaka 20 uliolala tangini. Ikate ile filta ya zamani kwa msumeno wa chuma uone kilichomo. Ikiwa na kutu nyekundu, tangi lishushwe lioshwe kabla nozeli hazijaziba.